Kiapo na Karamu: Tahakiki ya Riwaya "Husband Material"

Riwaya hii ya Alexis Hall, iliyotoka mwaka 2022, inaendeleza ile ya "Boyfriend Material" ya mwaka 2020. Ni hadithi ya mapenzi yenye kuchekesha. Luc na Oliver, wanaume wawili wa London, wanahudhuria harusi za wenzao, wanamzika baba yake Oliver aliyekuwa mgumu kwa mwanawe, kisha wanaandaa harusi yao. Siku inapowadia, wanakubaliana wasifunge ndoa, bali waendelee kuishi pamoja.

Wasomaji wetu wanalijua Tamko la Dodoma la mwaka 2010 kuhusu ndoa za jinsia moja. Haturudii hoja zake. Sisi tunauliza: je, mwisho huu unaridhisha? Tunaona unaridhisha nusu. Mwandishi anaonyesha vema, kwa mzaha usio na chuki, jinsi karamu inavyoweza kukimeza kiapo. Sisi tunaofungisha ndoa baada ya miezi ya kamati na michango tusiharakishe kucheka.

Udhaifu ni kwamba karamu inapoachwa, kiapo nacho kinatoweka. Luther, katika kijitabu chake cha ibada ya ndoa cha mwaka 1529, alihesabu ndoa kuwa jambo la kidunia. Hata hivyo aliwataka wawili hao waahidiane mlangoni pa kanisa, mbele ya watu. Ahadi isiyo na shahidi, nani ataikumbusha siku ya uchungu? Riwaya hailijibu swali hilo. Nasi tusiwaache wachumba wetu wafike madhabahuni bila kuulizwa.