Mnara Ulioangushwa kwa Neno Moja

Katika makosa yote waliyoyatenda wauza miche wa Magharibi juu ya majina ya momiji, ile miti ya mapo ya Kijapani, sijaona lililo dhahiri kama hili la kuupokea mti ambao Wajapani wauita Sango-kaku, yaani mnara wa marijani, kisha wakaupachika kibao cha "gome la marijani". Marijani wameibakiza, kwa kuwa rangi huuza, nayo ni ile marijani ya shanga, si tumbawe la kujengea. Mnara wameubomoa, nami nasema wazi kwamba neno walilolitia mahali pake limeusingizia mti wenyewe.

Msomaji aliyesimama mbele yake wakati wa baridi, majani yamekwisha pukutika, na akumbuke alichokiona. Shina la mti mzima limefifia, halina la kutazamwa. Wekundu huanzia juu, katika vitawi vichanga vyembamba kama njiti, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyokolea, hata mtu akalazimika kuinua uso. Kaku ni jumba refu la ghorofa, na aliyelichagua neno hilo alikwisha kutambua kwamba mti huu huota kwa kusimama wima na kwamba fahari yake i kileleni. Asomaye "gome" huyashusha macho kwenye shina, akakosa, wala hatambui kwamba yampasayo kuyatunza ni machipukizi mapya.

"Senkaki", jina ambalo Waingereza waliling'ang'ania miaka mingi kwa mti huu huu, nalo sijalisamehe. J. D. Vertrees, katika kitabu chake cha 1978 juu ya momiji, aliyahifadhi majina ya Kijapani pamoja na maana zake, na ashukuriwe.

Walakini ustadi wa kuyatunga majina hayo ulikuwa kwa watu wa Edo, Tokyo ya kale. Ukoo wa Itō, watunza bustani wa Somei, walipochapisha mwaka 1710 orodha yao ya momiji 36, hesabu ile ile ya washairi waliochaguliwa na Fujiwara no Kintō, walikuwa wakiutaja mti na ushairi kwa pumzi moja. Tabia hiyo yaonekana hata katika momiji iitwayo Shigitatsu-sawa, yenye jani la kijani hafifu lenye mishipa ya kijani kilichoiva, lililopewa jina la ndege warukao kutoka kinamasini katika shairi la mtawa Saigyō juu ya jioni ya vuli. Jina halitaji rangi wala umbo; lakini kila majira ya machipuko jani hukunjuka na mishipa yake, na aliyelisoma shairi huisikia ile jioni ya kinamasini, ndege wakiondoka.