Milimita 135, Mita 7

Kwa mwanafunzi mwenye kamera ya filamu, lenzi ndefu iliyo rahisi kuipata ni ya milimita 135, na urahisi huo una historia. Miaka ya 1960 na 1970, aliyekuwa na lenzi ya milimita 50 mara nyingi aliongeza ya 135 ndiyo iwe ya pili. Baadaye zikaja lenzi za zumu, na zile za 135 zikabaki makabatini kwa wingi. Jupiter-37A ya Kisovieti, Pentacon ya Ujerumani Mashariki, Super-Takumar ya Japani: zote zipo za skrubu ya M42, kwa hiyo zote zinaingia kwenye Zenit yangu. Kabla ya kulipa, mulika tochi ndani ya kioo uone kama kuna ukungu. Hewa ya ziwa haina huruma.

Lenzi hizi husifiwa kwamba zinakuleta karibu. Sifa hiyo ndiyo ninayoitilia shaka. Kinachosogea ni picha. Wewe umebaki pale pale. Hata ule msongamano wake maarufu, mitumbwi ya Mwaloni Kirumba ikionekana imebebana, nyumba za vilimani kama zimekaliana mabegani, hautoki kwenye kioo. Unatoka kwenye umbali uliosimama. Piga kwa milimita 50 kutoka hapo hapo, kata kipande cha katikati ukikuze: msongamano ni ule ule, chembe za filamu tu ndizo zimekuwa kubwa. Anayetuonyesha Mwanza iliyorundikana, kwanza ametuonyesha alikosimama yeye.

Na hapo ndipo 135 inapoishinda 300 machoni pangu. Mtu wa mita 1.7 hujaza picha ya wima ya 135 ukiwa mita 7 kutoka kwake. Kwa 300 unaweza kusimama mita 15 na zaidi. Mita 7 kule Igombe, wanakoanika dagaa, ni umbali wa kusalimiana. Mama anayegeuza dagaa anakuona ukihangaika na pete ya fokasi, na utahangaika kweli, maana ukifungua tundu hadi f/2.8 kinachokaa sawasawa ni kama nusu mita tu. Ana muda wa kuuliza, "We mwanangu, unanipiga picha ya nini?" Ana muda wa kukataa. Ukiwa mita 15, nyuma ya mtumbwi, hana.

Kuna pingamizi, na linatoka hapa hapa kwetu. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, ambayo wengi wanaijua kama filamu ya mapanki. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na watu wakaandamana jijini. Lakini Sauper hakujificha mbali. Alikaa vyumbani na marubani, aliongea na mlinzi wa usiku uso kwa uso. Ukaribu alikuwa nao. Kinachonikera mimi ni kilichoachwa nje ya fremu: siku ya kawaida ya mtu aliyeuza samaki wake, akanunua sukari, akarudi nyumbani.

Kwa kosa hilo 135 nayo haina usafi wa kujivunia. Kwa mita 7, upana wa picha ya wima ni kama mita moja na robo. Ndani yake mama anaenea. Jirani anayecheka naye, mtoto aliyetoka shule na begi mgongoni, na mnunuzi anayebishana bei wote wamekatwa. Ndiyo maana sasa kila mkanda wa picha 36 naugawa: nikimaliza na 135 nafungua skrubu, naweka 50, nasogea hadi mita tatu, nampiga mama yule yule pamoja na waliomzunguka. Ni kazi ya kuchosha, na mchanga wa Igombe hauwapendi wabadilisha lenzi.

Juzi nimeletewa ya 300, safi, bei karibu sawa na niliyolipia Jupiter. Niliijaribu ufukweni jioni moja. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza kitu. Nimeirudisha.