Divai ya Zamani Katika Hadithi Zetu

Mimi nimechoka na matajiri wa hadithi zetu. Kila bosi anafungua "divai ya zamani", basi, ladha hatuambiwi! Uzee peke yake ni sifa gani? Ridge Monte Bello ya California, ya mwaka 1971, ilikuwa ya tano kati ya divai nyekundu kule Paris mwaka 1976. Zilipoonjwa tena 2006, ikawa ya kwanza. Ukakasi wa maganda ya zabibu hulainika polepole, chupa ikilazwa gizani penye ubaridi, kizibo kisikauke. Kwa joto letu la Mlandizi, chupa ya kabatini itaharibika tu. Na tembo la mnazi? Asubuhi tamu, jioni kali, siku chache siki. Hilo andikeni, maana mnalijua.