Mpangilio wa Kibodi na Silabi ya Kiswahili: Mfano wa Bukavu

Mwanafunzi wa Bukavu anayepeleka tasnifu yake Nyawera kupigwa chapa aghalabu huikuta kibodi ya AZERTY. Mpangilio huo ulifuata Kifaransa, lugha ya utawala wa Wabelgiji ambayo ingali lugha rasmi ya nchi. Swali la msingi ni hili: je, unakifaa Kiswahili, ambacho nacho ni lugha ya taifa?

Kwa kiasi kikubwa, haukifai. Herufi a, inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, imewekwa safu ya juu na kuachiwa kidole kidogo cha kushoto. Katika safu ya katikati, mahali ambapo QWERTY ya Kenya na Tanzania huiweka a, pamekaliwa na q, herufi isiyo na kazi katika Kiswahili Sanifu. Faida ya AZERTY ni m, ambayo imo safu ya katikati.

Watetezi wa mipangilio mbadala hutaja Dvorak, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1936, na BÉPO, iliyoingizwa katika kiwango cha taifa cha Ufaransa mwaka 2019. Zote mbili huweka irabu tano upande wa kushoto. Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili ni konsonanti ikifuatwa na irabu, hoja yao ina uzito: neno "nimesema" hupigwa kwa mikono kupokezana toka mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, hoja hiyo ina walakini. Katika mipangilio yote miwili k, p na y pia ziko kushoto. Hivyo "kupika" huuelemea mkono mmoja, na wa kulia hukaa bure. Mipangilio hiyo ilipimwa kwa Kiingereza na Kifaransa, wala si kwa viambishi ku- na ki-.

Aidha, mashine ya Nyawera ni ya watu wengi, na tasnifu ya Kiswahili huandamana na barua za Kifaransa zenye é na ç. Kuibadili kungemnufaisha mmoja na kuwakwamisha wengine. Kwa hiyo AZERTY ibaki katika mashine za pamoja, na BÉPO, inayohifadhi alama za Kifaransa, imfae mwandishi mwenye kompyuta yake. Lakini lisisahauliwe kwamba katika uchaguzi huu Kiswahili bado ni mgeni: kinachagua kati ya nyumba zilizojengewa wengine.