Kyubey na Mkataba wa Mangungo

Ukipita nyumba za Waswahili hapa Champlin wakati wa theluji, utakuta watoto wamejikunyata mbele ya runinga wakitazama anime, yaani katuni za Kijapani. Sisi wazazi tukiona kinyama cheupe chenye mkia mnene na macho mekundu, tunasema "hiyo ya watoto," tunarudi jikoni. Nami nilisema hivyo kuhusu Puella Magi Madoka Magica, tamthilia ya sehemu 12 iliyoonyeshwa Japani mwaka 2011, hadi nilipoketi nikaitazama yote. Si ya watoto wadogo.

Kinyama hicho kinaitwa Kyubey. Mwandishi Gen Urobuchi amempa kazi moja: kuwaahidi wasichana wa shule kwamba atawatimizia haja moja, yoyote ile, wakikubali kupigana na wachawi. Sayaka anaomba kijana anayempenda apone mkono, apate kupiga tena fidla. Kijana anapona kweli. Baadaye Sayaka anagundua kwamba roho yake imetolewa mwilini ikatiwa ndani ya kito, na kwamba msichana akikata tamaa kabisa hugeuka mchawi yeye mwenyewe. Nguvu inayotoka hapo ndiyo mavuno ya Kyubey.

Sisi tuliolelewa kwa ngano tunamjua sungura, mdogo anayemhadaa simba, nasi tunamshangilia. Kyubey ana umbo la sungura, lakini nyuma yake kuna jamii yenye nguvu kuliko wanadamu wote. Tena hasemi uongo. Akilaumiwa hujibu kwamba hakuulizwa, kwa sauti ile ile laini na uso ule ule mtamu. Hapo ndipo ustadi wa mwandishi ulipo.

Katika sehemu ya 11 anamwambia Madoka kwamba bila jamii yake wanadamu wangekuwa bado wanaishi mapangoni. Maneno hayo tumeyasikia kwetu. Mwezi Novemba 1884 Karl Peters alifika Usagara akizungumza urafiki, na Chifu Mangungo wa Msovero akatia alama kwenye hati ya Kijerumani. Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani iliipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi kwa kutegemea karatasi kama hiyo. Hadi leo Watanzania wakiona mkataba mbovu husema ni wa Mangungo.

Lakini tazama tunavyosema. Jina linalochekwa ni la aliyetia alama. La aliyeficha yaliyomo halitajwi. Hiyo ndiyo hoja ya Kyubey: kosa ni lako, hukuuliza.

Wapo wanaomwona Madoka amepooza kwa kuwa hakubali mkataba hadi mwisho. Mimi naona ndiye pekee anayechukua muda wa kuuliza kwanza. Anapokubali anajua kila kifungu, na haja yake ni kuwafuta wachawi wote, wa jana na wa kesho, kabla hawajazaliwa. Kyubey analazimika kuitimiza.

Huku ugenini tunatia saini karatasi nyingi, za nyumba, za gari, za kazi. Mwenzetu akiumizwa na mojawapo, tunamcheka barazani: "Alisaini bila kusoma!" Tuwafundishe watoto kusoma na kuuliza, naam. Ila siku nyingine, kabla ya kucheka, tuulize pia ni nani aliyejua akanyamaza.