Mkoba Chini ya Kaunta

Msichana anaingia mgahawani, Algiers, mkoba wake una bomu. Mwanamume mmoja, kwa ustaarabu, anampisha kiti. Msichana anaketi, kisha kwa mguu anausukuma mkoba chini ya kaunta. Hapo mwongozaji Gillo Pontecorvo, katika filamu yake La battaglia di Algeri (1966), anatulia kwenye nyuso. Watu wanakunywa, wanapiga soga. Mtoto analamba aiskrimu. Wao hawajui kinachowangoja. Sisi tunajua, na hatuna pa kuyapeleka macho.

Filamu hii imesifiwa mno kwa kufanana na filamu za habari: nyeusi na nyeupe, picha zenye chengachenga, raia wa kawaida mahali pa waigizaji. Jean Martin, anayecheza Kanali Mathieu wa jeshi la Ufaransa, ndiye karibu peke yake aliyekuwa mwigizaji wa kazi. Sifa hizo ni za haki, ila naona zinatupitisha kando ya jambo kubwa. Mpiga picha wa habari hufika bomu likishalipuka. Pontecorvo yuko ndani kabla. Yuko mbele ya kioo wanawake watatu wakivua mabuibui na kukata nywele ili wapite vizuizini kama Wazungu. Yuko kwenye shimo ndani ya ukuta, Oktoba 1957, mpiganaji Ali la Pointe na wenzake wakisikiliza buti za askari nje. Yuko kwenye chumba cha mateso, mbele ya mtu aliyekwisha kusema.

Aliingiaje? Kwa Saadi Yacef, aliyeongoza mjini humo mapambano ya FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria dhidi ya Ufaransa, akakamatwa, akahukumiwa kifo, akaandika kumbukumbu zake gerezani. Filamu ilichipuka katika kumbukumbu hizo, na ndani yake Yacef anacheza Jafar, yaani yeye mwenyewe kwa jina jingine. Kwa ushahidi wa namna hiyo ingekuwa rahisi kuegemea upande mmoja. Lakini muziki uleule wa maombolezo unaosikika Waarabu wakifukuliwa kwenye vifusi vya Kasba, mtaa wao wa kale, ndio unaorudi Wafaransa wakifukuliwa mgahawani. Sijui uamuzi wa kisanaa ulio mgumu kuliko huo.

Ndiyo maana mwisho unaniuma. Ali anauawa, na ghafla tuko Desemba 1960: mji mzima umefurika barabarani. Miaka mitatu imerukwa. Nani alipanga, nani alishawishi, nyumba kwa nyumba? Sauti ya mwandishi wa habari inakiri kwamba chanzo hakijulikani. Hapa tu ndipo filamu inapogeuka kweli kuwa habari: iko nje, ndani ya moshi, inahesabu umati. Kioo kile cha wanawake watatu kimekosekana.

Kisha moshi unapungua. Mbele ya askari mwanamke mmoja anacheza na bendera yake, anarudishwa nyuma, anakuja tena, na kamera inamng'ang'ania.