Kasi ya RAW: hesabu ambayo kompyuta haikuhitaji kuifanya

Anayeanza kupiga picha kwa RAW huona faida yake mapema. Uso uliofunikwa na kivuli unafunguka, na shela iliyoonekana imeungua kwenye kioo cha kamera inarudisha nakshi zake. Kisha tuseme anarudi kutoka harusini na picha 900. Anazifungua kwenye programu ya kuhariri, na kila akibonyeza mshale kwenda picha inayofuata, kompyuta inamkalisha sekunde nne. Hiyo ni saa nzima, na bado hajahariri chochote, ametazama tu. Hapo wengine hurudi kwenye JPEG, wengine hukopa wanunue kompyuta mpya. Nadhani wote wanakimbilia dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Chanzo kiko kwenye kihisi cha kamera. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza ya mpangilio wa vichujio vya rangi ambao kamera nyingi zinautumia hadi leo: katika kila pikseli nne, mbili hupokea kijani, moja nyekundu na moja bluu. Faili la RAW huhifadhi vipimo hivyo kama vilivyo, kwa kawaida kwa biti 12 au 14. Kwa kuwa hakuna pikseli iliyopima rangi zote tatu, programu hukisia mbili zilizokosekana kwa kuangalia pikseli jirani. Kwa kamera ya megapikseli 24, hayo ni makisio milioni 48 kwa kila picha, kabla ya kugusa mwanga, rangi au chenga (noise). Na skrini ya 1920 kwa 1080 inaonyesha pikseli milioni mbili tu. Sehemu kubwa ya jasho lote hilo haifiki machoni pa mtu anayetaka kujua kama bibi harusi amefumba macho.

Waliolitatua jambo hili walianza kwa kuuliza ni hesabu ipi inayoweza kurukwa. Mfano ninaoupenda ni dcraw, programu ndogo ya lugha ya C ambayo Dave Coffin aliianza mwaka 1997, na ambayo msimbo wake umeingia katika programu nyingi zilizofuata. Ina swichi mbili zenye akili sana. Ukiipa -h, inachukua kila kikundi cha pikseli nne na kukifanya pikseli moja. Rangi zote tatu tayari zimo, kwa hiyo hakuna cha kukisia, na kutoka megapikseli 24 unapata sita, ambazo bado zinaizidi skrini. Ukiipa -e, haihesabu rangi kabisa: inatoa picha ya JPEG ambayo kamera yenyewe iliitengeneza na kuiweka ndani ya faili la RAW wakati wa kupiga.

JPEG hiyo ya ndani ndiyo ufunguo wa kuchuja, yaani kuamua picha zipi zibaki na zipi zitupwe. Programu ya Photo Mechanic imejijengea jina kwa wapiga picha wa habari na michezo kwa kuionyesha papo hapo. Lightroom Classic iliongeza njia hiyo mwaka 2017. Wakati wa kuingiza picha, chagua itumie picha zilizomo kwenye faili badala ya kujenga zake upya. Atakayefuata ushauri huu mmoja tu ataona tofauti siku hiyohiyo, hata kwenye kompyuta ya zamani.

Ila chuja kwa uangalifu. Baadhi ya kamera za Sony huweka JPEG ya pikseli 1616 kwa 1080 tu, na ukiikuza kukagua ukali wa jicho utadanganyika. Tena, JPEG hiyo imeshakatwa mwanga na kamera: sehemu inayoonekana nyeupe tupu huenda bado ina maelezo ndani ya RAW. Kwa hiyo katika mchujo wa kwanza tupa picha zilizotikisika, macho yaliyofumba na zile zinazojirudia. Usitupe picha kwa kosa la mwanga peke yake.

Zikibaki 150, ndipo RAW ianze kufanya kazi yake. Programu za kuhariri RAW haziandiki juu ya picha. Huandika maagizo, mara nyingi katika faili dogo la pembeni: XMP kwa darktable, PP3 kwa RawTherapee. Maagizo ni maandishi machache, na kuyanakili kwenda picha nyingine hakugharimu kitu. Basi panga picha kwa mwanga wake: chumbani karibu na dirisha, kanisani au msikitini, bustanini jioni. Hariri moja kwa makini, kisha nakili maagizo yake kwenda picha nyingine za kundi hilo na urekebishe zilizopotoka. Ukumbini ni habari nyingine. Taa za rangi zinazozunguka humpa kila mgeni uso wa rangi yake, na hapo lazima ukae na picha mojamoja. Muda uliouokoa kwingine utumie hapo.

Mpangilio wa marekebisho nao una uzito. Kuondoa chenga ni miongoni mwa hesabu nzito kuliko zote. Ukikuwasha mwanzoni, kila unaposogeza kitelezi kompyuta huenda ikalazimika kuburuta mzigo huo. Anza na mwanga na rangi, malizia na chenga na ukali. Zana ya Denoise inayotumia akili unde, ambayo Adobe iliiingiza Lightroom Aprili 2023, iwe ya picha chache zilizopigwa gizani kwa ISO kubwa. Kuipitisha kwenye harusi nzima ni kuutesa mtambo bure.

Kutoa picha za mwisho kuachwe mpaka uhariri uishe, kwani kazi zote mbili hugombea prosesa moja. RawTherapee ina foleni kwa ajili hiyo: unazipanga picha, zinasubiri hadi uiamuru ianze. darktable nayo, wakati wa kutoa, ina chaguo la kupunguza ukubwa kwa ubora wa juu. Likizimwa, picha hupunguzwa kabla ya hesabu nzito, na kazi huenda haraka zaidi. Kwa picha za pikseli 2048 ambazo familia itatumiana kwa simu, lizime. Kwa zile za albamu, liwashe na uiache kompyuta usiku kucha.